Bajeti Niliyoipanga Bila Mke Wangu

Nina umri wa miaka ishirini na minane, nimeoa, na nina mtoto mmoja wa kike. Kosa langu la kwanza nililifanya wiki ya pili tu baada ya harusi. Nilikaa mezani peke yangu, nikapanga matumizi ya nyumba yetu mpaka senti ya mwisho, kisha nikamwita mke wangu nimsomee.

Nilimsomea. Sikumuuliza.

Wasomaji wenzangu, haya nimeyaandika na kuyachana mara nyingi. Ndivyo nilivyo, sentensi ikipinda kidogo nakosa raha siku nzima. Safari hii nimeamua kuyaacha yalivyo, hata kama hayajanyooka...

Mimi ni mzaliwa wa kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Njombe. Shule niliishia darasa la saba. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mcheshi na alitupenda, lakini ulanzi, pombe ya mianzi, ulimshinda. Mianzi ikianza kugemwa, baba tulikuwa tunamwona kwa nadra. Mwaka mmoja aliuza shamba letu la bondeni, lile lililokuwa linatulisha wakati wa kiangazi, na pesa yote ikaishia vilabuni.

Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka mama akiwa amesimama ukingoni mwa shamba hilo, akimwangalia mtu mwingine akipanda maboga kwenye matuta aliyoyainua yeye kwa mikono yake. Hakulia. Alisimama tu. Siku ile niliapa moyoni kwamba nikiwa na nyumba yangu, hakuna shilingi itakayotoka bila mimi kujua inakwenda wapi, na hakuna pombe itakayoingia.

Je, kiapo kama hicho ni kibaya? Mpaka leo sijui nijibu nini.

Nilipokua nilikwenda Makambako kutafuta maisha. Nilianza kwa kubeba magunia kwa Mzee Ramadhani, mfanyabiashara aliyetoka Kigoma miaka mingi iliyopita, mwenye stoo ya mahindi na mbolea karibu na stesheni ya reli. Humo stooni niliokota kitabu cha kujifunzia kutunza hesabu, jalada limekatika na kurasa za mwanzo hazipo. Wenzangu wakipumzika kwa kucheza bao, mimi nilikaa juu ya magunia nikijifundisha. Sikuwa na mwalimu. Nilipokwama nilirudia ukurasa hata wiki nzima.

Mzee Ramadhani alipogundua, alinifanya mtunza stoo. Alikuwa ananitania mbele ya wateja.

"Huyu kijana wa Kibena, hata akiswali atahesabu rakaa za jirani."

"Mimi Mkristo, mzee," nikamjibu.

"Basi utahesabu sadaka za wenzako."

Watu walicheka, nami nilicheka. Nilidhani ni sifa...

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu nilipokuwa mtoto yalijaa sabuni, vitenge na redio. Kila mwenye mtaji mdogo alifungua genge. Malori ya watu binafsi yalikuja Makambako kununua mahindi, wengine wakilipa papo hapo, tofauti na ushirika. Lakini bei haikutulia. Kitu ulichokiacha dukani mwezi huu, mwezi ujao kimepanda. Wengine ilikuwa inawachangamsha. Mimi ilikuwa inanitia hofu. Nilihisi kama nimesimama juu ya ngazi inayoyumba, na kitu pekee cha kushika ni hesabu zangu.

Ndipo nikamwoa Otilia.

Otilia ni binti wa Wanging'ombe. Tulikutana kwenye mkutano wa vijana wa kanisa. Ni mtu wa maneno machache, kicheko chake huanza machoni kabla hakijafika mdomoni. Tulikubaliana akae kijijini kwetu alime, mimi nipange chumba Makambako, na kila Jumamosi nipande lori nirudi nyumbani.

Bajeti yenyewe niliigawa kwenye bahasha za kaki. Bahasha ya chumvi na sabuni, ya mafuta ya taa, ya kanisa, ya mbolea, na bahasha nene kuliko zote, ya bati. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi, nami nilitaka kuezeka bati kabla sijafika miaka thelathini. Bahasha zote zilikaa kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda. Otilia aliruhusiwa kutoa kwenye zile ndogo. Ya mbolea na ya bati, hapana, mpaka mimi niseme.

Kila Jumamosi, kabla sijala, nilimkalisha anieleze alivyotumia. Stooni ndivyo tulivyofanya. Kitu kikitoka, aliyekichukua anasema kimekwenda wapi. Niliona ni utaratibu mzuri. Kwa nini nyumba isiwe na utaratibu kama stoo?

Jumamosi moja shilingi ishirini haikuonekana. Chakula kilikuwa mezani, kinapoa. Nilirudia hesabu, nikarudia tena. Mwishoni Otilia akasema kwa sauti ndogo kwamba alimpa mama mmoja wa jirani aliyefiwa.

"Mfiwa hana bahasha," nikamwambia.

"Basi mwandikie," akajibu.

Sikumwandikia. Nilimwambia wiki ijayo atumie chumvi kidogo ili hesabu irudi sawa. Ugali tuliula ukiwa umepoa, na mimi nilikula kwa amani kabisa, kwa sababu hesabu ilikuwa imefungwa. Ninapolikumbuka hilo naona aibu mpaka masikio yanapata moto...

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kwetu kuna desturi tunayoiita mgowe. Mtu mwenye shamba kubwa kuliko nguvu zake hupika komoni, pombe ya nafaka, kisha huwaita wenzake. Wanakuja na majembe asubuhi na mapema, wanalima pamoja kwa nyimbo na utani, na kazi ikiisha wanakaa kunywa. Asiyekunywa anapewa togwa. Kesho au wiki ijayo ni zamu ya mwingine, na wewe unakwenda kwake na jembe lako. Otilia alipokuja kijijini aliingia kwenye kundi la wanawake lililoongozwa na Mama Kasiani, mjane mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Shamba letu la kwanza lililimwa hivyo, na lilikwisha kabla ya mvua.

Mimi nilikuwa naiona ile pombe tu. Niliona nafaka ya wimbi inayoloweshwa, kuni zinazoteketea, sukari ya togwa. Niliona vikombe, na nilimwona baba yangu. Kisha nikahesabu siku ambazo Otilia alikwenda kulima kwa watu, nikaziita siku za kazi bila malipo. Nikajumlisha. Nikaona kuajiri vibarua ni nafuu.

Nilimwambia Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Hilda, binti yetu, alikuwa bado wa kubebwa.

"Hii pombe ya mgowe naifuta."

Otilia alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa. "Ukifuta pombe umefuta na watu, Baba Hilda."

"Watu watakuwepo. Tutawalipa."

"Wa kulipwa wanaangalia jua. Hawaangalii shamba."

"Na wewe usiende tena kwa wenzako. Unachoka bure."

Hapo ndipo alipoinua kichwa. "Nikiwa nimelala na homa, nani ataninywesha maji? Wewe uko Makambako."

Nikamjibu kwamba homa haiko kwenye mpango wa mwaka huu. Nilitaka kuwa mcheshi. Hakucheka.

Wasomaji, lililonimaliza ni kwamba mwaka ule wa kwanza hesabu yangu ilikubali! Vibarua walikuja, wakalima, wakalipwa. Mavuno hayakuwa mabaya. Bahasha ya bati ikanenepa. Nikamwonyesha Otilia, nikamwambia unaona? Akasema anaona.

Nisiyoyajua ni yale yaliyokuwa yanatokea mlangoni kwangu nikiwa Makambako. Mwanzoni kundi lilipita asubuhi kumwita. Otilia akasema ana udhuru. Siku nyingine akasema mtoto anaumwa. Mama Kasiani, ambaye hana tabia ya kumung'unya maneno, alimwambia wazi akiwa barabarani, "Mke wa karani, siku hizi hata salamu yetu unaikatia risiti?" Wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku ile Otilia akisikia majembe yao yanagongana njiani, alikuwa anaingia ndani na kufunga mlango mpaka wapite.

Baadaye hawakuita tena. Walipita tu.

Hakuniambia. Na angeniambia katika bahasha ipi?

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Serikali ilipunguza ruzuku yake ya mbolea, bei ikaruka. Mimi niliyeiuza stooni nilikuwa wa kwanza kuona, na bado sikuamini. Pesa iliyokuwa kwenye bahasha yetu ya mbolea, iliyotosha mwaka jana, sasa ilinunua nusu. Vibarua nao wakapandisha, kwa sababu chumvi na sabuni kwao pia zilikuwa zimepanda. Wengi walikwenda kwenye mashamba makubwa na kwenye mbao, kulikokuwa na malipo ya uhakika.

Na Otilia alikuwa mjamzito.

Ungefikiri ningekaa naye chini tukapanga upya. Sikufanya hivyo. Nilifuta hapa, nikapunguza pale, nikahamisha chumvi kwenda kwenye mbolea. Niliipenda ile karatasi kuliko nilivyowapenda waliokuwa wanaishi ndani yake. Bahasha ya bati sikuigusa. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu.

Kisha Mzee Ramadhani akafilisika. Alikuwa amejaza stoo kwa bei ya juu, wakaja wenye malori makubwa na mahindi ya bei ya chini kutoka kwingine, mali ikamlalia. Alituita, akatuambia bila kuzunguka kwamba anafunga. Akatulipa kilichobaki. Akatutakia heri.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Ningepanda lori siku ile ile. Lakini nilipofanya hesabu ya mwisho ya stoo, mifuko mitatu ya mbolea haikuonekana. Hakuna aliyeniuliza. Hakuna aliyenishuku. Mzee mwenyewe aliniambia, "Nenda nyumbani, kijana. Mifuko mitatu haitanirudishia biashara yangu." Nikamwambia siwezi kuondoka na hesabu isiyofunga. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akanikabidhi ufunguo.

Nilikaa siku baada ya siku, nikipitia kila mstari.

Ndani ya siku hizo dereva mmoja wa lori aliyepitia kijijini kwetu alinifuata stooni.

"Shemeji anakusalimu," akasema. "Anasema mvua imefika na watu wa kulima hawajapatikana. Anauliza atoe kidogo kwenye bahasha ya bati awaongezee malipo?"

Nikamwambia ampelekee jibu: asiguse bahasha ya bati, nakuja.

Nakuja... Nilisema nakuja, nikarudi kwenye mistari yangu.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho. Nilisimuliwa na Mama Kasiani, na baadaye kidogo kidogo na Otilia mwenyewe.

Jibu langu lilipomfikia, Otilia alikwenda kwa Mama Kasiani. Sijui alitumia moyo gani kupita ule mlango. Hakufukuzwa. Aliwekewa kigoda, akapewa togwa. Mama Kasiani alimwambia ukweli, kwamba zamu zimejaa mpaka mwezi ujao, kila mwanamke kwenye kundi amelima kwa wenzake na sasa anangoja siku yake, na mvua hii ikipita kuna watoto watakaolala njaa. "Ungekuja mwezi wa tisa, mwanangu," akamwambia. Otilia akashukuru, akaondoka.

Kwetu mahindi yakichelewa mvua za kwanza, baridi inayakuta bado mabichi. Otilia analijua hilo kuliko mimi. Alimwacha Hilda kwa bibi mmoja jirani, akachukua jembe, akaanza kulima peke yake, na tumbo la miezi saba. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu.

Siku ya nne kundi la Mama Kasiani lilikuwa linarudi kutoka kwenye mgowe upande wa pili wa kilima. Waliona jembe limesimama katikati ya shamba letu na mtu hayupo. Mmoja akatania kwamba mke wa karani ameliacha jembe lilime lenyewe. Mama Kasiani akawanyamazisha. Walimkuta amelala kwenye mtaro, kitenge kimelowa damu.

Walitengeneza machela kwa miti miwili na vitenge vyao. Wakambeba kwa kupokezana mpaka hospitali, Njombe mjini, huku mvua ikiwanyeshea. Walikuwa wamelima tangu alfajiri, tena walikuwa wanawake ambao yeye alikuwa anajifungia ndani ili wasimwone.

Kabla ya kuondoka naye walimpitisha nyumbani kuchukua nguo na pesa. Wakati huo hospitalini kulikuwa kumeanza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu. Mama Kasiani alilivuta sanduku, akaiona ile bahasha nene. Otilia alikuwa hawezi hata kukaa. Lakini alinyoosha mkono, akaishika bahasha, akasema, "Hiyo msifungue. Mwenyewe hajasema."

Mama Kasiani anasema alimsihi. Anasema alimkaripia kama mtoto. Otilia akawa anarudia neno hilo hilo tu... mwenyewe hajasema.

Basi wakaiacha. Wakachangishana wao kwa wao pale uani, kila mmoja akifungua pindo la kitenge chake.

Mtoto hakuishi. Alikuwa wa kiume.

Mimi nilifika siku mbili baadaye. Nilikuwa nimeipata ile mifuko mitatu. Ilikuwa imeandikwa mara mbili katika ukurasa mmoja, kosa dogo la kalamu yangu mwenyewe. Nilimrudishia Mzee Ramadhani ufunguo kwa furaha kubwa, nikapanda lori, na njia nzima kutoka Makambako mpaka Njombe nilikuwa najipongeza. Mtu anaweza kuwa mjinga kiasi gani?

Nilishuka njia panda ya kijijini. Mzee mmoja aliyekuwa anauza viazi kando ya barabara aliniona.

"Kamwene," nikamsalimu.

Akaitikia, akautazama mkoba wangu. "Unatoka hospitali au ndiyo unakwenda?"

Ndivyo nilivyojua.

Nilimkuta Otilia amelala upande, ameelekea ukutani. Nilimwita. Akageuka polepole. Nilingoja anilaumu. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kunitemea mate. Akaniambia maneno matatu tu.

"Bahasha ipo. Sijaigusa."

Kisha akageukia ukuta tena.

Wasomaji wenzangu, hakuna matusi duniani yangeniumiza kama taarifa ile. Mke wangu, katika hali ile, alikuwa ananipa hesabu ya Jumamosi.

Nilimuuliza Mama Kasiani mtoto wangu amezikwa wapi. Kwetu mtoto aliyezaliwa hivyo huzikwa na wanawake, wanaume hatuhudhurii. Nilijua desturi, lakini niliuliza.

"Ni mambo ya wanawake, baba," akasema. Hakusema kwa ukali. Akanishika bega, akaenda zake.

Otilia aliporuhusiwa, kaka zake walikuja wakamchukua yeye na Hilda, wakaenda nao Wanging'ombe. Hakuna aliyegombana nami. Walinisalimia, wakafunga mizigo, wakaondoka. Nilisimama mlangoni kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikihamwa.

Nilijaribu kulima kilichobaki. Mikono yangu ilikuwa ya kalamu kwa miaka mingi, ikachubuka yote. Nilipanda kwa kuchelewa. Baridi ikaja kama ilivyotarajiwa, mahindi yakasimama na mashina membamba bila kubeba kitu.

Nikachukua pesa ya bati, nikaenda Makambako kuulizia, nikidhani nikiezeka nyumba labda Otilia atarudi. Bei ilikuwa imepanda. Ile pesa niliyoilinda kuliko watu wangu haikutosha hata upande mmoja wa paa.

Nilikwenda Wanging'ombe. Baba mkwe alinikaribisha, tukala, tukazungumza habari za mvua. Nilipoomba mke wangu, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, tulipokupa binti hatukukupa kibarua. Kibarua ndiye anayeomba ruhusa ya kula."

Nikaomba nimwone. Mama mkwe akatoka nje, akarudi akasema, "Hajaachwa na hajaacha. Amepumzika." Hilda alikuja akanikalia mapajani kidogo, akashuka, akakimbia. Otilia sikumwona.

Nilikwenda mara ya pili, ikawa hivyo hivyo. Mara ya tatu nilimwona kwa mbali akipepeta mahindi. Aliniona pia. Aliendelea kupepeta.

Ningefanya nini? Hakuna kitabu kilichonieleza. Nilijaribu kufanya kitu pekee nilichokijua, kulipa. Nilikwenda kwa Mama Kasiani na pesa waliyochangishana ya hospitali, nikamwekea mezani, imepangwa vizuri.

Hakuigusa. "Hatukukukopesha," akasema.

"Lakini Mama, ni haki yenu."

"Ondoa hizo. Jumatano tuko kwa Mama Ngole. Jembe lako lina mpini?"

Nikasema lina mpini.

"Basi."

Jumatano nilikwenda. Nilikuwa mwanamume peke yangu katikati ya wanawake, na hawakunihurumia.

"Jamani karani amekuja, msipumue, atawaandika!"

"Baba Hilda, huo mtaro wako unakwenda kanisani au kilabuni? Mbona umepinda hivyo?"

"Mwacheni, anatafuta shilingi ishirini aliyoipoteza."

Kumbe hata hiyo walikuwa wanaijua. Nililima nimeinamisha kichwa, jasho na machozi yakichanganyika, na sikumwambia mtu. Kazi ilipoisha walikaa kunywa. Nikapewa togwa. Nilikaa pale mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza nikaona kilichokuwa kinatendeka baada ya kazi. Hakuna aliyelewa. Walikuwa wanapanga. Nani ana mtoto mgonjwa, nani hana mbegu, nani apewe zamu ya mapema kwa sababu amekaribia kujifungua... Ile ndiyo ilikuwa bajeti yao. Mke wangu alikuwa ndani yake, nami nikamtoa.

Nililima nao msimu ule wote. Zamu zilizunguka, nyumba kwa nyumba, mpaka ikafika siku ambayo shamba linalofuata ni letu. Nikamuuliza Mama Kasiani nifanyeje kuhusu komoni, maana sijui kupika.

"Zamu hiyo si yako," akasema. "Ni ya Otilia. Wewe ulikuwa unamlimia."

Wiki ile Mama Kasiani na wenzake wawili walivaa vitenge vyao vya kanisani, wakapanda gari kwenda Wanging'ombe. Hawakuniaga wala kuniambia wanakwenda kusema nini. Niliwaona tu wakirudi jioni, wanne badala ya watatu, na Hilda mgongoni mwa mmoja wao.

Otilia aliingia nyumbani, akauliza wimbi liko wapi, akaliloweka. Alipika kwa siku zote zinazotakiwa bila kunisemesha zaidi ya "sogeza kuni" na "lete maji". Siku ya mgowe watu walijaa shambani kuliko nilivyowahi kuona. Alipiga jembe katikati yao, na nilimsikia akicheka kwa jambo alilolisema Mama Kasiani. Nilikuwa sijakisikia kicheko kile kwa zaidi ya mwaka.

Watu walipoondoka nilimwuliza kama atarudi Wanging'ombe. Alikuwa anasuuza vikombe.

"Nina zamu kwa wenzangu mpaka mvua zikatike," akasema. "Baadaye tutaona."

Mvua zikakatika. Hakuondoka, nami sikuthubutu kuuliza tena.

Ninyi vijana mnaoanza nyumba, hasa mnaoogopa umaskini kama nilivyouogopa mimi, nawasihi. Pangeni matumizi, si vibaya kupanga. Lakini kaeni wawili. Ukitaka kufuta kitu ambacho mwenzako anakithamini, mwulize kwanza kinamfanyia kazi gani, na umwache amalize kujibu. Usimfanye mke wako aombe ruhusa ya kujiokoa. Mimi sikuelewa mpaka nilipopoteza nisichoweza kukihesabu.

Sasa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga hapa hapa Njombe, na kila jioni nalala nyumbani. Mshahara ukitoka tunaupanga wote wawili, Otilia akianza kusema, na gharama ya mgowe tunaitenga kabla ya kitu kingine chochote. Nyumba bado ni ya nyasi. Mtoto mwingine hatujapata.